Kumhudumia Mgonjwa wa Upasuaji: Mwongozo wa Muuguzi, Tangu Kulazwa Hadi Kuvuka Ziwa

Upasuaji wa ngiri huweza kumalizika ndani ya saa moja, lakini mgonjwa huyo hukaa mikononi mwa wauguzi kwa saa nyingi kabla yake na kwa siku kadhaa baada yake. Mwongozo huu unafuata njia anayopita mgonjwa: kutoka nyumbani kuingia wadini, kutoka wadini kwenda chumba cha upasuaji, kisha chumba cha uangalizi, wadini tena, na hatimaye nyumbani. Nimeupanga hivyo kwa sababu uzoefu umenionyesha kuwa madhara mengi yanayozuilika huanzia pale mgonjwa anapotoka mkono mmoja kwenda mwingine na habari fulani ikabaki njiani. Umeandikwa kwa ajili ya muuguzi kijana wa hospitali za kandokando ya Ziwa Victoria, awe Mwanza mjini, Magu, Sengerema au Ukerewe. Pale agizo la daktari au utaratibu wa hospitali unapotofautiana na yaliyomo humu, fuata agizo hilo.

Hatua ya 1: Kumpokea na kumfahamu

Anza na salamu, na kama mgonjwa ni mzee wa Kisukuma, "mwangaluka" moja ya asubuhi itakufungulia mlango ambao maswali ya fomu hayaufungui. Kisha muulize jina kwa swali lililo wazi: "Mzee, unaitwa nani, na umekuja kufanyiwa nini?" Usimwulize, "Wewe ndiye Masanja?" Katika wadi za Mwanza si ajabu kuwakuta akina Masanja wawili, au Kulwa wa familia hii na Kulwa wa familia ile, na mzee mwenye adabu anaweza kukuitikia "ndiyo" kwa heshima tu, hasa kama amechoka au hasikii vizuri. Jina kamili, umri na namba ya faili viandikwe kwenye utepe wa mkononi siku hiyohiyo ya kulazwa, wala visingoje asubuhi ya upasuaji.

Pima joto, mapigo ya moyo, presha, kasi ya upumuaji, kiwango cha oksijeni na uzito. Uzito hurukwa mara nyingi, ingawa ndio unaotumika kukokotoa dawa za usingizi, dawa za maumivu na maji ya dripu, na kwa mtoto, kuukadiria kwa macho ni hatari. Hakikisha kiwango cha himoglobini na kundi la damu vimepimwa, na kwa upasuaji mkubwa, damu ya akiba imelinganishwa na kuthibitishwa kuwa ipo, maana damu iliyoandikwa tu kwenye karatasi ya maombi haimsaidii mtu.

Katika historia ya mgonjwa, yapo mambo matatu yanayostahili maswali ya ziada katika kanda hii. La kwanza ni selimundu (sikoseli), ambayo imeenea sana Kanda ya Ziwa. Baridi, upungufu wa maji mwilini na upungufu wa oksijeni vinaweza kumsababishia mgonjwa wake maumivu makali na madhara ya mapafu, kwa hiyo yule anayepaswa kukaa na njaa kwa muda mrefu anahitaji dripu na blanketi mapema. La pili ni kichocho cha tumbo, ambacho kwa watu waliokulia majini kinaweza kuharibu ini taratibu, kuvimbisha bandama na kusababisha kutapika damu. Ukisikia historia ya namna hiyo, au ukiona tumbo limejaa upande wa kushoto, mweleze daktari na mtaalamu wa usingizi kabla ya upasuaji. La tatu ni mitishamba. Uliza bila kukaripia, kwa sababu mgonjwa aliyekaripiwa hatakuambia tena, nawe unahitaji kujua kama amekunywa kitu kinachoweza kuathiri presha, usingizi au ugandaji wa damu.

Ridhaa ni wajibu wa daktari kuieleza, lakini muuguzi ndiye hugundua kuwa haikueleweka. Mwombe mgonjwa akueleze kwa maneno yake mwenyewe atakachofanyiwa. Akisema, "Watanitazama tu tumboni," wakati ameandikiwa kutolewa kizazi, sahihi iliyopo kwenye fomu haina maana, na daktari lazima aitwe arudie maelezo. Kwa anayezungumza Kikerewe, Kijita au Kisukuma zaidi ya Kiswahili, tafuta mkalimani mtu mzima. Usimtumie mtoto wake kutafsiri habari za tezi dume au za kizazi.

Hatua ya 2: Kufunga kula na kunywa

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hakuna agizo linalotolewa kwa maneno machache na kueleweka vibaya kama hili. Lengo lake ni tumbo liwe tupu, ili mgonjwa anapopoteza fahamu kwa nusu kaputi, chakula kisipande na kuingia kwenye mapafu. Kanuni inayotumika kwa wagonjwa wasio wa dharura ni hii: chakula chepesi kikome saa 6 kabla ya usingizi, chakula kizito chenye mafuta au nyama kikome saa 8 kabla, mtoto anayenyonya apate ziwa la mama mpaka saa 4 kabla, na vinywaji angavu viruhusiwe mpaka saa 2 kabla.

Kinywaji angavu ni kile unachoweza kuona upande wa pili wa glasi: maji, chai ya rangi, juisi iliyochujwa isiyo na nyama ya tunda. Chai ya maziwa ihesabiwe kama chakula chepesi, na uji vilevile. Nilipokuwa mwanafunzi, bibi mmoja alifikishwa hadi mlangoni mwa chumba cha upasuaji akiwa ameapa kwamba hakula kitu tangu jana yake, na alikuwa anasema kweli kwa kadiri alivyoelewa, kwani alikuwa amekunywa kikombe kikubwa cha uji wa ulezi alfajiri, na kwake uji haukuwa chakula. Chakula kilikuwa ugali. Aliyekosea ni mimi niliyemwambia "usile". Tangu siku hiyo huvitaja vitu kwa majina: ugali, wali, samaki, mihogo, viazi, maandazi, uji, maziwa, togwa na soda. Huwaeleza pia ndugu waliolala nje ya wadi, maana wao ndio wanaobeba chupa ya chai.

Kosa la upande wa pili ni kumshindisha mgonjwa na njaa bila sababu. Kama zamu yake ni saa 2 asubuhi, ale chakula chake cha jioni kama kawaida, na maji anaweza kuyanywa hadi saa 12 asubuhi. Orodha ikichelewa na zamu yake ikasogezwa hadi saa 8 mchana, piga simu kumuuliza mtaalamu wa usingizi kama anaweza kunywa maji au kuwekewa dripu. Mtoto mdogo, mjamzito, mgonjwa wa kisukari na mwenye selimundu huumia haraka zaidi kwa njaa na kiu, hivyo waombewe nafasi za mwanzo katika orodha.

Dawa za kila siku ziulizwe moja moja. Dawa za kifafa na za kufubaza virusi vya UKIMWI kwa kawaida huendelea, zikimezwa kwa maji kidogo. Dawa za kisukari hubadilishwa kwa agizo la daktari. Dawa za kuzuia damu kuganda huhitaji uamuzi wa siku kadhaa kabla, wala si wa asubuhi ileile.

Hatua ya 3: Asubuhi ya upasuaji

Mgonjwa aoge kwa sabuni, usiku au asubuhi hiyo. Nywele za eneo la upasuaji zisinyolewe kwa wembe, kwa sababu wembe huacha michubuko midogo ambamo vimelea huzaliana; zikiwa zinasumbua kweli, zipunguzwe kwa mashine ya kukatia, muda mfupi kabla ya upasuaji. Ondoa meno ya bandia, pete, vipuli, mikufu na shanga za kiunoni, kwani chuma kinaweza kumuunguza mgonjwa pale mashine ya umeme ya kukatia na kuzuia damu inapotumika. Kuhusu hirizi, zungumza naye kwa staha. Mara nyingi hukubali kumkabidhi ndugu yake aishike akiwa nje. Rangi ya kucha ifutwe, na kama vidole vimepakwa piko nyeusi, chagua kidole kisicho na rangi au ndewe ya sikio kwa ajili ya kipima oksijeni.

Hakikisha upande wa upasuaji umewekewa alama na daktari mwenyewe, mgonjwa akiwa macho. Mwambie akojoe, mpime tena, andika, kisha msindikize. Unapomkabidhi mlangoni, soma utepe wa mkononi na faili pamoja na muuguzi anayempokea, na utaje kwa sauti mzio wowote wa dawa, muda aliokula na kunywa mara ya mwisho, dawa alizopewa asubuhi, na damu iliyoko tayari.

Hatua ya 4: Ndani ya chumba cha upasuaji

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2008 orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji, nayo ina vituo vitatu: kabla ya kutoa usingizi, kabla ya kukata ngozi, na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani. Muuguzi anayezunguka chumbani mara nyingi ndiye huisoma. Isome kwa sauti, watu wote wakiwa wamesimamisha kazi zao, kwani kuweka alama za vema kwenye karatasi huku daktari tayari anakata ni kupoteza wino. Katika kituo cha pili ndipo huulizwa kama dawa ya kuzuia maambukizi ilitolewa ndani ya dakika 60 zilizopita; jibu likiwa hapana, huo ndio wakati wa kusema, hata kama wewe ndiye mdogo kuliko wote chumbani.

Mlaze mgonjwa kwa kuzingatia kuwa hataweza kulalamika. Mkono ulionyooshwa usizidi nyuzi 90 kutoka mwilini, visigino na viwiko viwekewe mito, na mjamzito anayekuja kwa upasuaji wa kujifungua ainuliwe kidogo upande wa kulia ili alalie kushoto na mfuko wa uzazi usikandamize mishipa mikubwa ya damu. Bamba la mashine ya umeme libandikwe kwenye msuli mkavu, mbali na mfupa uliojitokeza na mbali na chuma chochote kilichomo mwilini. Mfunike sehemu zote zisizohitajika, kwa kuwa joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 36 damu huganda vibaya na hatari ya kidonda kuambukizwa huongezeka.

Kuhesabu gozi (vitambaa vya kufyonzea damu), sindano na vifaa hufanywa na watu wawili, kwa sauti, na kuandikwa ubaoni: kabla ya kuanza, kabla ya kufunga uwazi wowote wa ndani kama mfuko wa uzazi au tumbo, na wakati wa kufunga ngozi. Zikianza kuongezwa gozi katikati, ongeza namba papo hapo. Hesabu isipolingana, sema mara moja na upasuaji usimame hadi gozi ipatikane. Kipande cha nyama kinachopelekwa maabara kiandikwe jina, upande na tarehe kikiwa bado mbele ya daktari aliyekitoa, na jina liwe kwenye chupa yenyewe, si kwenye kifuniko.

Hatua ya 5: Chumba cha uangalizi

Pokea maelezo kabla ya kupokea machela. Uambiwe upasuaji gani umefanyika, usingizi wa aina gani, damu kiasi gani imepotea, maji na damu vilivyoongezwa, dawa gani za maumivu zimetolewa na saa ngapi, mipira iliyowekwa mwilini, kama wa mkojo, na jambo linalomtia daktari wasiwasi. Yarudie kwa mdomo wako ili wote msikie kuwa mmeelewana.

Mgonjwa ambaye hajaamka vizuri alazwe ubavu, njia ya hewa ikiwa wazi, mashine ya kufyonza ikiwa karibu na imejaribiwa. Tazama kifua kikipanda na kushuka. Usitegemee namba za mashine peke yake. Pima kila dakika 15 kwa saa ya kwanza au zaidi kama hali haijatulia. Arudi wadini akiwa anaitika, anapumua bila msaada, presha yake imekaribia ile ya kabla ya upasuaji, havuji damu, hana baridi na maumivu yamedhibitiwa. Aliyechomwa sindano ya ganzi ya mgongoni asisimamishwe mpaka nguvu za miguu zirudi kamili, hata akisisitiza kuwa anaweza.

Hatua ya 6: Wadini, ambako kazi huwa ndefu zaidi

Mpango unaotumika sana ni kupima kila nusu saa kwa saa 2 za mwanzo, kila saa kwa saa 4 zinazofuata, kisha kila saa 4. Ugumu wenyewe uko katika kusoma ulichokiandika. Presha ya 110/70 inaweza kuonekana nzuri, lakini mapigo yaliyotoka 80 hadi 96 hadi 118 ndani ya saa moja na nusu yanakueleza kuwa damu inapotea mahali fulani, na presha itaporomoka baadaye. Mgonjwa anayehangaika kitandani na kuvua shuka asihesabiwe kuwa msumbufu kabla hujashika mikono yake kuona kama ni ya baridi, hujatazama mkojo, na hujaingiza mkono wenye glovu chini ya mgongo wake, kwa sababu damu hutiririkia kule chini huku bendeji ya juu ikionekana kavu. Doa la damu kwenye bendeji lizungushie kalamu na uandike saa. Likivuka mstari, mwite daktari. Kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji, papasa mfuko wa uzazi kama ni mgumu na ukague pedi.

Mkojo kwa mtu mzima usipungue mililita 0.5 kwa kila kilo ya uzito kwa saa. Mvuvi wa kilo 60 apate walau mililita 30 kila saa. Ukipungua, angalia kwanza kama mpira umejikunja au amelalia, kisha toa taarifa.

Maumivu yaulizwe mgonjwa akikohoa au kujigeuza, kwa kuwa aliyelala tuli bila kujitikisa anaweza kusema hajambo. Wapo wazee wanaoona haya kumwambia kijana kuwa wanaumwa, nao hutambulika kwa kukunja uso na kubana pumzi. Tumia kipimo cha 0 hadi 10, au cha maumivu kidogo, ya kati na makali kwa asiyezoea namba. Dawa zitolewe kwa saa zilizopangwa, bila kungoja mgonjwa alie. Kwa anayepewa morfini au pethidini, hesabu upumuaji kabla ya kila dozi. Ukiwa chini ya 10 kwa dakika, au akiwa anasinzia kiasi cha kutoamshika kirahisi, zuia dozi, mpe oksijeni na umwite daktari.

Kupumua na kutembea ni matibabu. Kila saa akiwa macho, avute pumzi ndefu, aishike kidogo, aitoe, mara 10, kisha akohoe akiwa amekandamiza kidonda kwa kanga iliyokunjwa mara nne. Mapema iwezekanavyo, kwa wengi siku ileile au kesho yake, akae kitandani, aninginize miguu, asimame akishikwa, atembee hatua chache. Ndugu wengi hudhani huo ni ukatili, kwa hiyo waeleze mapema kuwa kulala muda mrefu huleta nimonia na damu kuganda miguuni.

Chakula hutegemea upasuaji. Mama wa upasuaji wa kujifungua usio na matatizo mara nyingi huanza vinywaji na chakula chepesi baada ya saa chache, ilhali aliyeungwa utumbo husubiri agizo. Ndugu waliotoka mwaloni Kirumba na sato wa kuchemsha wamefanya jambo la upendo. Waonyeshe saa ambayo chakula hicho kitafaa, badala ya kuwarudisha tu.

Bendeji ya kwanza, ikiwa kavu na safi, iachwe kwa takribani saa 48. Homa ya siku mbili za kwanza itakufanya usikilize mapafu, ya siku ya tatu ukumbuke mpira wa mkojo na mshipa wenye kanula (kimrija cha dripu), ya siku ya tano na kuendelea ukague kidonda kwa makini. Siku yoyote ile, huku kwetu, kipimo cha malaria kisisahaulike, lakini kikitoka chanya kisikufanye uache kukitazama kidonda.

Hatua ya 7: Kuruhusiwa, pamoja na safari

Kabla ya kusema, "Umeruhusiwa," uliza anakwenda wapi na kwa chombo gani. Kwa wanaokwenda Sengerema na Geita, daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 limeondoa kungoja kivuko. Anayekwenda Nansio, na zaidi anayeendelea hadi Ukara, bado ana saa za majini na vyombo vya kubadilisha. Huyo ale dawa ya maumivu kabla ya kupanda, akae badala ya kusimama, anywe maji, anyooshe miguu mara kwa mara, na asibebe mzigo wake mwenyewe. Kama dalili zake hazijatulia, abaki usiku mmoja zaidi, maana damu ikianza kuvuja katikati ya ziwa hakuna wa kumwita.

Maelekezo yatolewe kwa mgonjwa na kwa yule atakayeishi naye, kisha yaandikwe kwa Kiswahili kifupi. Kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni, kikaushwe, kisipakwe majivu, dawa ya meno wala mitishamba. Asiingie ziwani wala kukiosha kwa maji ya ziwa hadi kipone. Nyuzi za usoni hutolewa karibu siku ya 5, za tumboni kati ya siku ya 7 na 10, za miguuni na mgongoni kati ya siku ya 10 na 14. Andika tarehe yenyewe na jina la zahanati iliyo karibu naye, kwani si lazima avuke maji tena kwa ajili ya nyuzi tano.

Neno "usifanye kazi nzito" halitoshi. Mvuvi aambiwe asivute nyavu, asisukume mtumbwi na asinyanyue injini kwa takribani wiki 6 baada ya upasuaji wa tumbo au ngiri, au kwa muda aliopangiwa na daktari. Mwanamke aambiwe kuhusu ndoo ya lita 20, kuni na jembe, na mumewe au mama mkwe awepo anapoambiwa, ili asionekane mvivu kwa kutii.

Mwisho, mpe dalili za kurudi haraka bila kungoja tarehe: homa, usaha au harufu, kidonda kuachia, damu, tumbo kuvimba na kutapika, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kubanwa pumzi. Mwombe azirudie. Maambukizi ya kidonda yanaweza kujitokeza hadi siku 30 baada ya upasuaji, kwa hiyo chukua namba ya simu yake na ya jirani mwenye simu inayoshika mtandao, uziandike kwenye daftari la wadi, na mpigie siku ya 3 na siku ya 10 kumuuliza kidonda kinaonekanaje na kama ameanza kwenda majini.